Mzamiaji Si Methali

Kuna sheria moja ya hadithi fupi za Kiswahili ambayo hakuna aliyewahi kuiandika lakini kila mwenye kalamu anaifuata: mzamiaji hafiki. Akipanda meli kwa siri ukurasa wa tatu, ukifika wa saba ama amekufa kwa kiu katikati ya makontena, ama mabaharia wamemtupa baharini, ama amerudishwa kwa ndege, amekonda kama kijiti, anaangukia miguu ya mama yake. Mama naye huwa na methali tayari mdomoni, kana kwamba alikaa mlangoni miaka yote hiyo akisubiri nafasi ya kuitoa.

Nasema haya baada ya kusoma rundo. Rafiki yangu mmoja anahariri mkusanyiko wa hadithi za waandishi chipukizi, akaniomba nimsaidie kuchambua. Nne kati ya zilizoniangukia zilihusu vijana wanaokimbilia ng'ambo kwa meli. Zote nne zilimwadhibu kijana. Katika moja mwandishi ana kipaji hasa, yaani ule ukurasa wa bandarini usiku nimeusoma mara tatu, unasikia winchi, unasikia mbwa wa walinzi. Halafu ghafla, kama vile mwalimu wa zamu ameingia darasani na fimbo, kijana anakufa na msimulizi anatukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimpigia mwandishi simu nikamuuliza kwa nini amemuua. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Sasa kaka, ujumbe utakuwa nini?"

Ndiyo maana naandika.

Naandika kutoka Kiseke, Mwanza. Si Kisesa, watu wa nje hutuchanganya na wenzetu wa barabara ya Musoma, tumeshazoea. Kutoka hapa mpaka maji ya chumvi ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo una haki ya kuuliza mtu wa ziwani ana ugomvi gani kuhusu wazamiaji. Ugomvi wangu ni wa damu. Mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwetu ni kaka tu bila maelezo zaidi, alizamia. Aliondoka mwaka 2006 na pesa za dagaa za mama yake. Akafika Dar es Salaam, akashindwa kuingia bandarini, akateremka kwa malori na kwa miguu kupitia Malawi na Msumbiji hadi Durban. Huko alikaa pembezoni mwa bandari miaka karibu sita. Alipanda meli mara tano. Alirudi mwaka 2013. Hajafa.

Nitamrudia. Kwanza tushughulike na maneno, maana huku ndiko dhuluma inakoanzia.

Kuzamia, kwa Kiswahili chetu cha mtaani, ni kuingia mahali bila kualikwa. Mtu huzamia harusi, hula pilau, huondoka. Lakini mzamiaji wa asili ni mtu anayeshuka chini ya maji kutafuta kitu, na sisi wa Mwanza tunalijua neno hilo kwa uchungu wake. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa, wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa miili. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka wakubwa wakilitaja neno hilo, wazamiaji, kwa sauti ya chini na kwa heshima, kama unavyowataja waosha maiti. Miaka kumi baadaye Kaka alikwenda nchi ileile walikotoka, na yeye akaitwa jina lilelile, ila sasa lilikuwa tusi.

Na tazama jinsi tunavyogawa majina. Anayeondoka na viza ni diaspora, anatengewa kongamano na mgeni rasmi. Anayekuja kwetu na mtaji ni mwekezaji. Mzungu aliyeshuka melini akapewa shamba aliitwa mlowezi. Wahindi ambao babu zao walifungua maduka mjini Mwanza walitoka Gujarat kwa majahazi na meli, wakateremka Mombasa, wakapanda reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, kisha wakashika meli za ziwani mpaka huku. Hao tunawaita wafanyabiashara wakongwe, na nyumba zao za zamani tunazipiga picha. Siwaonei wivu hata kidogo. Nauliza tu: kijana wa Ilemela anayetaka kufanya jambo lilelile kwa kuelekea upande wa pili, kwa nini kwake kuna jina moja tu, na lina pingu?

Hata methali zetu zinaangalia sura ya mtu. Mwenye pasipoti akija kuaga tunamwambia tembea uone. Asiye nayo tukigundua ameondoka tunasema mkataa kwao mtumwa. Methali mbili, safari moja, tofauti ni muhuri wa ubalozi. Halafu lugha yenyewe inatusuta. Kijana akifanikiwa tunasema ametoka. "Jamaa katoka kimaisha." Katoka wapi? Hatuulizi. Tumekubali wenyewe, kila siku, kwenye daladala na saluni, kwamba maisha mazuri yako upande wa pili wa mlango; halafu anayeupita mlango tunampiga methali ya kisogo. Vijana wa Dar wanafikia hata kuiita Uingereza "Ukerewe". (Sisi wa Mwanza tukisema Ukerewe tunamaanisha Nansio, na nauli ya kivuko tunaijua.)

Sasa wapenzi wa fasihi mtaniambia kwamba natia chumvi, kwamba fasihi yetu imejaa watu walioondoka kwa bahari na tukawaheshimu. Kweli wapo. Hebu tuwaangalie.

Bibi Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, alitoroka Unguja usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza iitwayo Highflyer, ikampeleka Aden. Alipanda meli kwa siri, bila ruhusa ya wenye mamlaka, kwenda kuanza maisha mapya ng'ambo. Ni nini hicho kama si kuzamia? Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 na zinasomwa hadi leo. Unguja ametengewa chumba katika makumbusho ya jumba la kifalme. Watalii wanalipa kiingilio. Hakuna anayewasubiri mlangoni na asiyesikia la mkuu.

Mtoro bin Mwinyi Bakari ananiuma zaidi. Huyu wa Bagamoyo, na jina lake mwenyewe ni Mtoro, ingawa hakutoroka: aliitwa. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kimejengwa kwa kalamu yake. Akaoa mke wa Kijerumani. Mwaka 1905 akapanda naye meli kurudi nyumbani. Serikali ya kikoloni ikakataa mke Mzungu wa mume Mwafrika kuingia naye nchini. Ikabidi wageuze. Alifia Berlin mwaka 1927.

Msomaji, kaa kidogo na tukio hilo. Mtu ameandika kitabu kizima kuhusu harusi za kwao, mazishi ya kwao, ngoma za kwao. Anafika pwani ya kwao. Anaiona. Pengine anasikia wapagazi wakitukanana kwa lugha ambayo ameifundisha kwa Wajerumani miaka mitano. Halafu anarudishwa. Tunamnukuu kwenye tasnifu, tunamchimba kwa ajili ya misamiati ya unyago, lakini ile siku ya melini tumeiacha kwa wanahistoria. Ningetoa mshahara wa mwezi kusoma riwaya ya siku ile moja.

Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar miaka ya 1960 akiwa kijana wa miaka 18, akimbia mambo tunayoyajua na tusiyopenda kuyataja. Alipopata Nobel mwaka 2021 tulibishana mitandaoni kama ni wetu au si wetu, sisi ambao sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatuletea Paradise kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, na ghafla kila mtu akawa na picha ameishika. Somo nililolipata pale ni kwamba aliyeondoka husamehewa, mradi arudi na zawadi.

Kuna Adam Shafi pia, na Mbali na Nyumbani yake, ambayo inasimulia safari ya ujana wake ya kutoka Zanzibar kwenda kuitafuta Ulaya, na inasimulia kwa raha, kwa njaa, kwa kicheko, bila kuomba radhi. Hicho ndicho ninachokitaka. Lakini kimoja hakitoshi, na msafiri wake ana ndoto ya masomo. Msomi akitangatanga tunamwelewa. Asiye na cheti hatumwelewi.

Kwa hiyo vijana wetu wa Durban na Cape Town wameandikwa na nani? Wameandikwa, usidhani hawajaandikwa. Mwaka 2016 Sean Christie, mwandishi wa habari wa Afrika Kusini, alitoa kitabu kiitwacho Under Nelson Mandela Boulevard, kuhusu Watanzania wanaolala chini ya madaraja karibu na bandari ya Cape Town wakisubiri meli. Alikaa nao, akala nao, akasikiliza. Hao vijana zege la daraja wamelijaza maandishi: majina, miaka, misemo, Kiswahili kimechanganyika na Kiingereza. Ina maana maktaba kubwa kuliko zote ya fasihi ya wazamiaji wa Kiswahili imeandikwa kwa rangi kwenye nguzo za barabara ya nchi nyingine, na msomaji wake makini alikuwa mtu ambaye Kiswahili si lugha yake. Kitabu ni kizuri. Ndiyo maana kinaniudhi. Maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili cha Dar yametufikia yakiwa yameshakuwa Kiingereza.

Mwaka 2011 Watanzania wawili walijificha kwenye meli iitwayo Dona Liberta pale Cape Town. Walipogunduliwa baharini waliteremshwa juu ya chelezo cha kuungaunga, wakaachwa katika Atlantiki. Maji yakawasukuma hadi Liberia. Mmoja alikufa muda mfupi baada ya kufika ufukweni. Aliyefuatilia habari hiyo mpaka mwisho, akaichapisha mwaka 2015, ni Ian Urbina wa New York Times. Mimi ni mwandishi wa habari wa Tanzania. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, nina leseni, nina kinasa sauti. Nilisoma habari ya Watanzania wawili kwenye gazeti la New York, tena kwa kuunganishiwa na rafiki.

Sisi wa Mwanza tulipaswa kuwa tumeshajifunza. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, kuhusu sangara wetu na ndege zilizokuja uwanja wetu wa Ilemela kubeba minofu kwenda Ulaya. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani, na mji ukachemka. Mengi katika filamu ile yalistahili kupingwa. Lakini tulipinga nini hasa? Tulipinga kwamba mtu mwingine ametusimulia vibaya. Kutusimulia vizuri sisi wenyewe hatukuanza. Na ndio mwaka uleule Kaka aliondoka. Samaki wa ziwa letu walikuwa wanafika Ulaya kwenye barafu, na hati zao zote zimepigwa muhuri. Kaka alikuwa akibeba matenga pale mwaloni Kirumba. Aliwahi kuniambia, bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja bei: "Sangara ana karatasi, mimi sina."

Sasa nifike kwangu, kwa sababu sitaki uandike kwenye maoni kwamba nawanyooshea wengine kidole.

Kaka aliporudi nilikuwa ndio kwanza nimeanza kazi. Siku moja jioni alinitolea daftari, kaunta buku ya kurasa nene, imekunjamana kwa unyevu. Ndani aliandika meli. Jina la meli, tarehe, imeelekea wapi, na namba fulani ambazo sikuzielewa. Ilikuwa orodha ya miaka. Nikamrekodi kwa saa mbili, nikaandika makala ya maneno mia tisa kwa gazeti ambalo sitalitaja, maana kosa lilikuwa langu kabla halijawa lao. Niliandika njaa, niliandika kipigo cha walinzi, niliandika rafiki yake aliyevunjika mguu. Daftari nililiita "kumbukumbu ya mateso". Kichwa cha habari kilichotoka kilikuwa na neno majuto.

Makala ilisomwa kwa sauti saluni, Kaka akiwa amekaa kwenye kiti, ananyolewa. Alikuja nyumbani nywele nusu.

"Dogo," akaniambia, "majuto umeyatoa wapi? Mimi nilikwambia nimechoka. Nilikwambia najuta?"

Nikaenda kusikiliza tena ile rekodi. Hakusema. Saa mbili nzima, hakuna neno hilo. Nililileta mimi, kutoka darasa la fasihi la Kidato cha Nne, ambako kila kitabu tulichosoma kiliishia kwenye swali la mwandishi anatufundisha nini. Fani na maudhui, dhamira, ujumbe. Tulifundishwa kwamba hadithi ni ganda na ujumbe ni karanga. Unamenya, unatupa ganda, unapata alama. Kaka alinipa ganda zima la miaka saba na mimi nikalimenya, na kwa kuwa ndani sikukuta karanga niliyoitarajia, nikaweka ya kwangu.

Daftari aliliwashia jiko la mkaa. Sikuona kwa macho, nilisimuliwa na mke wake. Hakufanya kwa hasira, alisema tu karatasi ile inashika moto haraka.

Najua pingamizi linalokuja, maana nimeshaambiwa ana kwa ana: ukiondoa onyo, unawatia vijana tamaa wakafe. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito. Watu wanakufa kweli. Wanakufa kwa kukosa hewa kwenye matumbo ya meli za nafaka yaliyopigwa dawa ya kuua wadudu, wanapondwa na minyororo ya nanga, wanazama gizani wakiogelea kuifuata kamba. Sitaki kijana yeyote wa Kiseke afe hivyo.

Lakini niambie, onyo hilo lilimzuia nani? Mtoto aliyekulia Mwanza hahitaji hadithi fupi kumwambia kwamba meli inaua. Tuna MV Bukoba. Tuna MV Nyerere, Septemba 2018, pale Ukara, watu 228, wengi wao wakiwa wameshauona ufuko. Kaka alikuwa na miaka kumi na moja mwaka 1996 na alikuwepo kwenye msururu wa watu waliosubiri majina. Aliijua hatari kuliko waandishi wote wanne wa lile rundo. Alikwenda akijua. Hicho ndicho kitu cha kuandika, kwamba mtu anajua na anakwenda, na hadithi ya onyo haiwezi kukiandika kwa sababu inamtaka awe mjinga. Mjinga akifa funzo linakamilika, lakini mtu aliyepiga hesabu zake akaenda anakuachia maswali ambayo methali haina.

Wala sisemi afanywe shujaa, hilo nalo lingekuwa uongo ule ule umevaa koti jipya. Pesa za dagaa zilikuwa mtaji wa Mama Mkubwa, zilimchukua misimu miwili kuzirudisha, akikopa kwa riba. Kaka aliacha mtoto wa miezi minne ambaye alimkuta anasoma darasa la pili na hamwiti baba. Mambo hayo yapo na yanaandikika. Na Mama Mkubwa naye, siku mwanawe aliporudi, hakutoa methali yoyote. Alimtazama, akamwambia akaoge. Alipotoka bafuni akamuuliza, "Hela yangu ya dagaa iko wapi?" Sijawahi kuona mama wa aina hiyo kwenye hadithi zetu za wazamiaji.

Kwa miaka mingi baada ya ile makala Kaka hakunisimulia tena. Salamu, siasa, Simba na Yanga, basi. Kilichomfungua ni lile rundo. Jumapili moja nilikuwa nasoma ile hadithi ya yule kijana mwenye kipaji, nikamsomea kidogo, nikitaka tu asikie ukurasa wa bandari. Alisikiliza vizuri. Nilipofika shujaa anapojificha kwenye chumba cha injini akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Chumba cha injini! Dakika kumi hamalizi. Kule kuna watu usiku na mchana."

Akaanza kusahihisha, na katika kusahihisha akasimulia. Zile namba za kwenye daftari, nikazijua. Ubavuni mwa meli, mbele na nyuma, kuna alama za kina zilizopakwa rangi. Ukiona maji yamezifunika, imeshiba, inakaribia kuondoka. Ukiona zimekaa wazi, imetoka kushusha au haijapakia, usijisumbue. Alikuwa akisimama ng'ambo ya uzio na kuzisoma kila asubuhi, kama wewe unavyosoma vichwa vya magazeti. Alijifunza kwamba jina la mji lililoandikwa nyuma ya meli halina maana ya inakokwenda. Mwaka wake wa kwanza aliona meli nyingi zimeandikwa Monrovia, akaamini kabisa kwamba Liberia ni nchi tajiri kupita kiasi, akapanga akaishi huko. Baadaye mzee mmoja wa Tanga akamweleza kwamba hizo ni za kusajiliwa tu, mwenyewe anaweza kuwa Mgiriki, nahodha Mrusi, mabaharia Wafilipino, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona Monrovia. "Nikasema kumbe hata meli ina karatasi za kuazima," Kaka akasema. "Tatizo ni langu tu."

Mara ya tano alifika mbali. Alijificha siku mbili, maji yakamwishia, akatoka mwenyewe akanyoosha mikono. Nahodha alimfungia kwenye chumba chenye kitanda. Mpishi Mfilipino alimletea wali asubuhi, mchana na jioni, na siku moja akakaa mlangoni akamwonyesha picha za watoto wake kwenye simu. Alikuwa hajafika kwao kwa miezi tisa. Walikuwa wanaelewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, Kaka akigundua kwamba mwenzake naye ameondoka kwao kwa meli kutafuta maisha, ila yeye ana mkataba. Bandari mbili zilikataa kumpokea. Hakuna sheria inayoeleweka na kila mtu hapo: mataifa yaliandika mkataba kuhusu wazamiaji mjini Brussels mwaka 1957, na mpaka leo haujaanza kutumika. Kwa hiyo nahodha anabaki na mtu ambaye kila bandari inaweza kumkataa na kumtoza, na katika hesabu hiyo ndimo wale wa Dona Liberta walipowekwa juu ya chelezo. Nahodha wa Kaka alikuwa na subira, au alikuwa na bima nzuri. Gharama za namna hii kwa kawaida hubebwa na bima ya mwenye meli. Wakamshusha Brazil, wakampandisha ndege na walinzi wawili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Aliomba chakula mara mbili, akapewa.

Nilimuuliza swali ambalo sikumuuliza mara ya kwanza: kwa nini mara tano? Nilitegemea umaskini, na umaskini upo, tangu mwanzo upo. Akakaa kimya muda mrefu. Akasema kuna saa, meli ikishaachia kamba, injini inabadilika mlio, na chini ya mgongo wako chuma kinaanza kutetemeka. "Hapo hujafika popote. Hujafa pia. Na hakuna mtu duniani anayejua uko wapi." Kisha akasema nizime kinasa sauti akakoleze mkaa.

Waandishi wenzangu, hasa ninyi vijana wa lile rundo: hamjakosa kipaji. Yule wa ukurasa wa bandari nimemtumia ujumbe, nimemwambia afute kurasa tatu za mwisho, amwache kijana melini, aone atafanya nini. Hajajibu bado. Na ninyi wahariri mnaorudisha muswada kwa sababu "hauna funzo", nawafahamu kadhaa kwa majina na mnanifahamu.

Sasa hivi tuna kurasa 41, mimi na Kaka. Yeye anasimulia, mimi naandika, kisha namsomea, na kila nikiweka neno ambalo hakusema ananisimamisha. Kazi inakwenda polepole mno. Kuna ubishi wa wiki nzima juu ya neno moja, kama niandike "alikimbia" au "aliondoka". Jina la kitabu hatuna. Mhariri mmoja niliyempelekea kurasa kumi za mwanzo amezipenda, ila ameniuliza mwisho wake ni upi, mhusika anaishia wapi. Nimemjibu kwamba mhusika anakaanga chipsi hapa Kiseke karibu na kituo cha daladala, kuanzia saa kumi jioni, na kwamba akija mapema atapata na mishikaki.